Kipima umbali cha leza: kinavyofanya kazi na mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Wanaofanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji nchini Tanzania wanakifahamu. Ni kifaa kidogo cha mkononi, kinafanana na darubini iliyokatwa katikati, na mwindaji hukiweka jichoni kabla ya kuinua bunduki. Anabonyeza kitufe, namba inatokea ndani ya kioo: 187. Maana yake mnyama yuko mita 187 kutoka pale aliposimama.

Siku hizi vifaa hivi vinauzwa hata kwa njia ya simu, na bei zake zinatofautiana sana. Wapo wanaotaka kununua kwa ajili ya uwindaji wa leseni, wapo wa michezo ya kulenga shabaha, na wapo askari wa wanyamapori wa vijiji wanaotaka kujua tembo yuko umbali gani kabla ya kumsogelea. Makala hii inaeleza kifaa kinavyopima, namba zilizoandikwa kwenye boksi zina maana gani, na namna ya kukijaribu kabla hujatoa pesa.

Jambo lenyewe si dogo. Mwindaji akikosea umbali, risasi haimpati mnyama pale panapomwangusha mara moja. Inampata tumboni au mguuni, naye anakimbilia kichakani na maumivu. Kama ni nyati, mtu wa kwanza kuingia kichakani kufuata damu huwa ni mfuatilia nyayo, mara nyingi kijana wa kijiji cha jirani. Nyati aliyejeruhiwa hugeuka, akasimama kimya na kungoja. Na asipopatikana siku hiyo, kesho yake anaweza kukutana na mama anayekwenda kuchota maji.

Kwanza sheria

Kifaa hiki hakimpi mtu ruhusa ya kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii na wa wenyeji kwa leseni tu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Bunduki nayo ina sheria yake, ya mwaka 2015, inayosimamia umiliki wa silaha na risasi. Kuwinda bila leseni, kuwinda usiku kwa taa, au kupiga mnyama ukiwa ndani ya gari ni makosa yanayoweza kumpeleka mtu gerezani.

Kabla ya kubeba kifaa cha kupimia ndani ya pori la akiba au eneo la WMA, muulize afisa wanyamapori wa wilaya. Kama umeajiriwa kwenye kitalu, hakikisha mwajiri wako anajua unacho. Mtu aliyekutwa porini na vifaa vya kuwindia bila maelezo anajitafutia matatizo, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Kinapimaje?

Simama mbele ya mwamba mkubwa, piga kelele, kisha ngoja mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti yako imekwenda sekunde 1 na kurudi sekunde 1, kwa hiyo mwamba uko mita 340 kutoka ulipo.

Kipima umbali cha leza kinafanya hivyo hivyo, ila kinatumia mwanga badala ya sauti. Kinatuma mapigo mafupi sana ya mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga mnyama, mti au jiwe, na sehemu ndogo yake inarudi kwenye kioo cha kupokelea. Kompyuta ndogo iliyomo ndani inahesabu muda wa kwenda na kurudi, kisha inaugeuza kuwa mita.

Ugumu uko kwenye muda. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukipima kitu kilichoko mita 300, mwanga unakwenda na kurudi ndani ya sehemu 2 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Saa ya kuhesabu muda mfupi hivyo ndiyo inayofanya kifaa kizuri kiwe ghali.

Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960. Majeshi yalianza kuitumia kupimia umbali miaka michache baadaye. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha kioo maalumu mwezini, na wanasayansi wakaanza kupima umbali wa mwezi kwa leza kutoka duniani. Mwanga huchukua kama sekunde mbili na nusu kwenda na kurudi. Vifaa vidogo vya wawindaji vilienea madukani miaka ya 1990. Baadhi ya zile tochi ambazo askari wa trafiki wanatumia kukamata mwendo kasi barabarani zinafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: zinapima umbali wa gari mara nyingi ndani ya muda mfupi, kisha zinakokotoa kasi.

Kwa nini mita 50 zina uzito?

Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Ikishatoka kwenye mtutu inaanza kushuka, kama jiwe lililorushwa, ila yenyewe inakwenda kasi zaidi.

Chukua bunduki ya .30-06, ambayo wengi wanaijua, yenye risasi ya kawaida ya kuwindia. Tuseme imerekebishwa ipige pale pale inapolengwa umbali wa mita 200. Kwenye mita 300 risasi itakuwa imeshuka takriban sentimita 25 chini ya palipolengwa. Kwenye mita 400 imeshuka karibu sentimita 70. Kwenye mita 500 imeshuka karibu mita moja na nusu. Hesabu inabadilika kidogo kulingana na aina ya risasi na urefu wa mtutu, lakini sura yake ni hiyo: kadiri unavyokwenda mbali, kila mita inazidi kuwa na uzito.

Sasa tuseme mwindaji anadhani kongoni yuko mita 250, kumbe yuko 350. Risasi itapita kama sentimita 35 chini ya alipotarajia. Badala ya kuingia kifuani, itavunja mguu wa mbele au itapita chini ya tumbo.

Macho hudanganya kwa urahisi. Mnyama aliye ng'ambo ya bonde au upande wa pili wa mto huonekana karibu kuliko alivyo, kwa sababu katikati hakuna vitu vya kulinganisha. Mnyama aliye kivulini au wakati wa magharibi huonekana mbali zaidi. Ndama huonekana kama mkubwa aliye mbali. Hata mwenye uzoefu wa miaka mingi hukosea akifika nchi asiyoizoea.

Namba kubwa iliyo kwenye boksi

Boksi likiandikwa mita 1,000, usifikiri utapima swala aliye mita 1,000. Namba hiyo kwa kawaida imepatikana kwa kupima kitu kinachong'aa, kama kibao cha alama za barabarani, hali ya hewa ikiwa nzuri na kifaa kikiwa kimetulia kwenye meza.

Watengenezaji waaminifu huandika namba tatu: kwa kitu kinachong'aa, kwa mti, na kwa mnyama. Namba ya mnyama mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza au chini ya hapo. Manyoya hunyonya mwanga, na mnyama mweusi mwenye matope, kama nyati, hurudisha mwanga kidogo kuliko swala mwenye rangi ya mchanga. Kama muuzaji ana namba moja tu, igawe kwa mbili kichwani mwako, na hata hapo usiiamini mpaka ujaribu.

Jua la saa sita mchana hupunguza uwezo wa kifaa, kwa sababu mwanga wa jua unaingia kwenye kioo pamoja na mwanga unaorudi. Asubuhi na jioni kinapima mbali zaidi. Ukungu, mvua, moshi wa kuchoma nyasi na vumbi hukirudishia mwanga kabla haujafika kwa mnyama, na unaweza kusoma mita 40 wakati mnyama yuko 240.

Je, unahitaji uwezo wa mita ngapi? Nyati kwa kawaida hupigwa akiwa chini ya mita 100, kwa bunduki nzito ya kaliba ya .375 au zaidi, na wawindaji bingwa wengi hupenda kusogea karibu kuliko hapo. Katika mbuga za wazi, kongoni, pofu au swala granti anaweza kupigwa kwenye mita 200 hadi 300. Masafa marefu zaidi ni ya nchi za milima, kama Ethiopia, ambako yule nyala wa milimani anayepatikana nchi hiyo pekee hupigwa kutoka ukingo mmoja wa bonde hadi mwingine. Kwa nchi tambarare, kifaa kinachopima mnyama kwa uhakika hadi mita 400 kinatosha. Cha mita 1,000 kwa mnyama ni cha walenga shabaha wa masafa marefu, na bei yake inakwenda na kazi hiyo.

Upana wa mwale

Mwale wa leza haubaki mwembamba kama uzi. Unapanuka kadiri unavyokwenda, kama mwanga wa tochi. Kwenye karatasi ya maelezo utaona kipimo kinachoitwa miliradiani. Miliradiani 1 maana yake mwale unakuwa na upana wa sentimita 10 kwenye mita 100, na mita 1 kamili kwenye mita 1,000.

Kifaa cha miliradiani 2 kitakuwa na mwale wa sentimita 60 kwenye mita 300. Pofu ni mpana kuliko hapo, hakuna shida. Lakini swala tomi ana urefu wa kama sentimita 60 tu mabegani, kwa hiyo sehemu ya mwale itampita na kugonga kichaka kilicho nyuma. Mwale mwembamba ni bora kwa masafa marefu, ila unataka mkono uliotulia.

Hapo ndipo panapohitajika chaguo la kitu cha mbele au cha nyuma. Vifaa vingi vina mpangilio wa aina mbili. Wa kwanza unasoma kitu kilicho karibu zaidi ndani ya mwale. Huo umetengenezwa kwa wachezaji wa gofu, wanaotaka umbali wa bendera na si wa miti iliyo nyuma yake. Wa pili unasoma kilicho mbali zaidi. Huo unamfaa mtu anayepima mnyama kupitia nyasi ndefu au matawi. Kifaa cha gofu ambacho hakiwezi kubadilishwa kitakupa umbali wa nyasi zilizo mbele yako. Muulize muuzaji kabla.

Ukipima kutoka mlimani

Ukiwa juu ya kilima na mnyama yuko bondeni, kifaa cha kawaida kinasoma umbali wa mshazari, yaani mstari kutoka jichoni mpaka kwa mnyama. Risasi lakini huvutwa na ardhi kulingana na umbali wa usawa, kana kwamba umepima kwenye ramani. Mtu akifuata umbali wa mshazari, risasi itapita juu.

Tofauti ni hizi, kwa mnyama anayesomeka mita 300. Mteremko wa nyuzi 10: umbali wa usawa ni kama mita 295, tofauti haina uzito. Nyuzi 20: mita 282. Nyuzi 30: mita 260. Nyuzi 45: mita 212.

Vifaa vingi vya sasa vina kipimo cha mteremko ndani yake na vinatoa umbali uliorekebishwa. Kama unakaa nchi tambarare, usilipe zaidi kwa ajili hiyo. Kama unafanya kazi milimani, ni jambo la lazima. Lakini jua namba unayosoma ni ipi, maana baadhi ya vifaa vinaonyesha zote mbili kwa wakati mmoja.

Mita au yadi?

Vifaa vingi vinavyotoka Marekani huja vikiwa vimewekwa kusoma yadi. Yadi 1 ni sentimita 91 na ushee. Yadi 400 ni mita 366. Kama mfuatilia nyayo anasoma yadi na mwindaji anadhani ni mita, kosa la mita 34 limeshaingia kabla bunduki haijainuliwa.

Siku ya kwanza tafuta namna ya kubadilisha kuwa mita. Ndani ya kioo huwa kuna herufi ndogo: M kwa mita, Y kwa yadi. Ihakikishe kila asubuhi, kwa sababu kwenye baadhi ya vifaa kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya mfukoni, kipimo kinabadilika.

Kioo, betri na maji

Kwenye vifaa vya bei nafuu namba ndani ya kioo ni nyeusi. Mchana zinasomeka vizuri, lakini magharibi mnyama akiwa kivulini hazionekani. Vifaa vya bei ya juu vina namba nyekundu zinazowaka. Angalia kama mwangaza wake unaweza kupunguzwa, kwa sababu namba kali sana gizani hulipofusha jicho kwa muda.

Ukuzaji wa mara 6 au 7 unatosha. Ukuzaji mkubwa zaidi unakuza na mtetemo wa mkono wako.

Betri ni jambo ambalo watu wa mjini hawaliwazii. Vifaa vingi hutumia betri fupi nene iitwayo CR2, na hutaipata kwenye duka la kijijini. Nunua za akiba mbili au tatu pamoja na kifaa. Vipo vinavyochajiwa kwa waya wa simu, na hivyo vinamfaa mwenye sola nyumbani, ila chaji ikiisha katikati ya pori huna la kufanya.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IP kwenye boksi. IPX4 maana yake kinavumilia mvua ya kurusha tu. IPX7 maana yake kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Kwa kazi ya porini chukua IPX7 au IP67, ambayo ni imara kwa vumbi pia. Kifaa kisicho na alama yoyote, hesabu kwamba mvua ya kwanza itakiua.

Aina zilizopo madukani

Aina ya kwanza ni ya mkononi, yenye jicho moja. Ni nyepesi, na za kuanzia hupatikana kwa kama dola 100 hadi 200 za Marekani huko zinakouzwa kabla ya usafiri na ushuru. Kampuni zinazojulikana ni pamoja na Bushnell na Vortex za Marekani na Nikon ya Japani.

Aina ya pili ni darubini ya macho mawili yenye kipima umbali ndani yake. Leica na Zeiss za Ujerumani na Swarovski ya Austria zinajulikana kwa hizi. Bei mara nyingi inazidi dola 2,000. Wawindaji bingwa wanazipenda kwa sababu wanamtafuta mnyama na kumpima bila kubadilisha kifaa.

Aina ya tatu hufungwa juu ya bunduki. Ina kasoro moja kubwa: ili upime, lazima uelekeze mtutu. Kuelekeza bunduki kwa kitu ambacho hujakitambua ni kuvunja kanuni ya kwanza ya usalama. Mchungaji akitokea nyuma ya mnyama, tayari yuko mbele ya mtutu wako. Pima kwa kifaa cha mkononi, kisha ndipo uchukue bunduki.

Usichanganye vifaa hivi na mita ya leza ya mafundi wa ujenzi, yenye doa jekundu. Ile inapima ukuta na vyumba, na juani doa lake halionekani. Wala usidanganyike na programu za simu zinazodai kupima umbali wa mnyama. Nyingi zinakadiria kwa kamera na hesabu ya pembe, na simu chache zenye kihisi cha leza kinachopima vitu vya karibu hufika kama mita 5 tu.

Kijaribu kabla ya kulipa

Usikubali kujaribia ndani ya duka. Toka nje, kwa sababu kioo cha dirisha chenyewe hurudisha mwanga na kuharibu kipimo.

Anza na umbali unaoujua. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kimataifa una urefu wa mita 105, ila viwanja vya vijijini havilingani, kwa hiyo upime kwanza kwa utepe wa fundi. Kifaa kizuri hakitatofautiana na utepe zaidi ya mita 1. Pima mara 10 mfululizo. Namba zikirukaruka, kirudishe.

Kisha tafuta ng'ombe mweusi. Ng'ombe ndiye mwalimu mzuri kuliko kibao cha barabarani, kwa sababu ngozi yake inafanana na ya mnyama wa porini. Mpime ubavuni ukiwa mita 100, halafu 200, halafu 300, juani na jioni. Umbali wa mwisho ambao kifaa kilisoma mara 9 kati ya 10 ndio uwezo wake halisi kwako. Uandike kwenye karatasi, ukaubandike kwenye mfuko wake.

Kupima vizuri porini

Kaa chini au egemea mti. Shika kifaa kwa mikono miwili, viwiko vikiwa magotini au kifuani. Lenga bega au ubavu, pasipo na nyasi mbele. Bonyeza, soma, kisha pima tena. Namba mbili zikikubaliana, chukua hiyo. Zisipokubaliana, pima kitu kikubwa kilicho karibu na mnyama, kama kichuguu au shina la mti, kisha linganisha.

Njia wanayoitumia wenye uzoefu ni kupima mapema. Ukifika mahali pa kuvizia, pima mti ule, jiwe lile na ukingo wa maji kabla mnyama hajatokea. Akitoka, tayari unajua alipo, na huna haja ya kujitingisha.

Kisichojulikana kwa kifaa

Kifaa kinakupa umbali tu. Upepo hakiujui. Upepo wa ubavuni wa kilomita 15 kwa saa, ule wa kutikisa majani na vitawi vidogo, unaisukuma risasi ya .30-06 kama sentimita 15 hadi 20 kwenye mita 300, na kama sentimita 30 kwenye mita 400.

Hakijui pia mnyama atafanya nini. Kufika mita 400 risasi inatumia zaidi ya nusu sekunde. Mnyama anayetembea taratibu, mita 1 kwa sekunde, atakuwa amesogea zaidi ya nusu mita. Uliyemlenga begani amepata risasi ya tumbo, na umbali wako ulikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo namba kubwa kwenye kioo isikufanye ujione fundi. Mpaka wako ni ule umbali ambao unaweza kupiga sahani ya chakula kila mara ukiwa umekaa kama utakavyokaa porini. Kama kwa mita 200 unaikosa mara moja kati ya tano, mpaka wako uko chini ya 200. Kifaa kikisoma zaidi ya mpaka huo, kazi yake imekwisha kukuambia: sogea karibu, au mwache aende.

Kama huna kifaa

Hesabu hatua zako. Pima mita 100 kwa utepe, tembea, uhesabu; wengi hupata hatua 120 hadi 140. Jizoeze kukadiria umbali njiani, kisha tembea uhakikishe. Fanya hivyo kila siku kwa mwezi mmoja na jicho lako litabadilika.

Darubini zenye mistari ya miliradiani zinasaidia pia. Chukua urefu wa mnyama kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa idadi ya miliradiani anazojaza. Nyati wa mita 1.5 mabegani akijaza miliradiani 5, yuko mita 300. Watafiti wanaohesabu wanyama kwa miguu walitegemea makadirio ya macho kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutumia leza.

Usalama wa macho

Chagua kifaa kilichoandikwa leza ya daraja la 1. Hiyo ndiyo isiyodhuru jicho kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo usimwelekezee mtu usoni, usimpe mtoto achezee, na usikifungue. Zaidi ya yote usiangalie jua kupitia kioo chake. Jua likikuzwa mara 6 linaweza kuliunguza jicho moja kwa moja, na hilo halina uhusiano na leza.

Maswali saba ya kumuuliza muuzaji

1. Kinapima mnyama, si kibao, mpaka mita ngapi?
2. Mwale wake una upana gani kwenye mita 300?
3. Kina mpangilio wa kusoma kitu cha nyuma?
4. Kinarekebisha mteremko?
5. Kinabadilishwa kuwa mita?
6. Kinatumia betri gani, na wewe unazo?
7. Kina alama gani ya maji na vumbi, na naweza kutoka nacho nje nikakijaribu?

Muuzaji akikataa swali la saba, ondoka. Kifaa kitakachotegemewa na mtu anayefuata damu ya nyati kichakani hakinunuliwi kwa kuangalia boksi.